Ile video ya maji meusi kugeuka meupe, tuiongelee vizuri

Naona ile video imeshafika kila grupu la WhatsApp la wajasiriamali, ile ya jamaa mwenye glasi ya maji ya rangi meusi tii, anatia unga kidogo, anamiminia kitu, anakoroga, dakika chache maji yote meupe na watu wanashangilia. Mi nimetumiwa na watu kibao akiwemo shangazi yangu wa hapa Iringa ambaye anatengeneza batiki na wenzake kule Kihesa, ujumbe wake ulikuwa mfupi tu, "hiyo dawa inaitwaje, tununue." Nikamjibu shikamoo shangazi, dawa siyo uchawi wala siyo mpya, ila usinunue kitu mpaka nije, maana hapo wameonyesha nusu ya habari. Akajibu marahaba, njoo na hiyo nusu nyingine.

Sasa nimeshaenda, tumeongea mpaka jioni, na kwa kuwa najua maswali yake ndo maswali ya wengi nimeona niandike hapa.

Tuanze na kilichomo kwenye glasi. Ule unga ni feras salfeti, chumvi ya chuma, ndugu wa vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki. Kile kimiminika ni haidrojeni peroksaidi, hiyohiyo ya saluni na ya duka la dawa, sema ya kwao ni kali zaidi. Mkemia wa Uingereza anaitwa Henry Fenton aliandika mwaka 1894 kwamba chuma na peroksaidi vikikutana vinaweza kuunguza asidi ya tatariki ambayo peroksaidi peke yake ilikuwa inaishindwa, ila kwa nini hasa inatokea ikaja kuelezwa mwaka 1934 na Haber na Weiss, kwamba chuma kinaipasua peroksaidi na kinachotoka humo ni kitu kinaitwa radikali ya haidroksili. Hicho ndo kiini cha mambo yote wanayoyaita oksidesheni ya hali ya juu (oksidesheni ni kukinyang'anya kitu elektroni zake), uwe unatumia chuma, ozoni, taa za urujuanimno au jua, mwisho wa siku unachotafuta ni hiyo radikali tu.

Na hiyo radikali ni balaa. Klorini ukiipima nguvu yake ya kunyang'anya elektroni unapata kama volti 1.36, peroksaidi 1.78, ozoni 2.07, radikali ya haidroksili inafika 2.8 hivi. Inaishi muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo hamna mtu anakuuzia radikali kwenye chupa, lazima uizalishe palepale ndani ya maji machafu ili izaliwe na kufanya kazi na kufa hapohapo. Afu haina adabu, ni kama mbuzi aliyekata kamba shambani, hachagui hili hindi na lile gugu, kinachokuwa mbele yake anatafuna. Shikilia hilo la kutochagua kwa sababu ndo chanzo cha hasara nyingi nitakazozitaja huko chini.

Rudi kwenye glasi. Rangi nyingi za nguo za viwandani, zaidi ya nusu yake, ni za ukoo wa azo, maana yake katikati ya molekuli kuna naitrojeni mbili zimeshikana na hapo ndo macho yetu yanapopata ile nyekundu, ile njano, ule weusi. Radikali ikipiga pale kati, kiungo kinakatika na rangi inakufa saa hiyohiyo. Lakini vipande viwili vya molekuli bado vipo, vinaelea kwenye maji, havina rangi tu. Ukiendelea kuvipiga vinakuwa vidogo zaidi, mwishoni unapata vijiasidi kama asidi ya oksaliki na ya fomiki, na ukivumilia kabisa inabaki kabonidioksidi, maji na chumvichumvi. Video inaishia pale rangi inapopotea. Mi nasema kazi ndo kwanza inaanza pale, na kama kuna kitu kimoja nataka mtu atoke nacho hapa ni hicho, jicho haliwezi kukwambia maji yamesafishika, jicho linakwambia rangi imeondoka basi.

Shangazi hapo akanibana. "Sisi mbona tukimwaga kwenye shimo la choo rangi inapotea yenyewe baada ya siku kadhaa, bila peroksaidi wala nini, si tumemaliza?" Swali zuri sana, na jibu lake linatisha kidogo. Kule shimoni hamna hewa, bakteria wasiotumia oksijeni wanakata kile kiungo cha azo nao pia, rangi inapotea kweli, ila wanachoacha ni amini za aromatiki, na baadhi ya hizo ni sumu inayosababisha saratani, benzidini ikiwemo. Umoja wa Ulaya mwaka 2002 walipiga marufuku nguo zenye rangi za azo zinazoweza kutoa amini 22 walizozitaja, kikomo miligramu 30 kwa kilo ya kitambaa. Hiyo ni nguo, fikiria shimo lililo hatua chache kutoka kisimani. Siyo kila rangi ya azo inatoa amini mbaya, ila ukinunua rangi iliyopimwa kwenye kifuko cha nailoni kisicho na jina utajuaje ni ipi? Haya, ndo hapo.

Na wanaotumia jiki, naomba mwache. Rangi itaondoka ndiyo, ila klorini ikikutana na vile vipande inatengeneza misombo ya klorini ambayo kuiondoa ni ngumu kuliko rangi yenyewe, na siku ukichanganya jiki na asidi utavuta gesi ya klorini kwenye mapafu na hapo tutakuwa tunaongelea habari nyingine kabisa.

Sasa twende uani kwa shangazi maana hapo ndo pana utamu. Wana mabeseni na mapipa, upande mmoja wanafanya batiki za nta kwa zile rangi za vati zinazotaka kostiki soda na haidrosi (sodiamu haidrosalfaiti), upande mwingine wanafunga na kuchovya kwa rangi za riaktivu zinazotaka chumvi na soda ashi. Maji yote yalikuwa yanaishia kwenye mtaro mmoja, mtaro unateremka, na Iringa mnaijua, mji upo mlimani, chochote kinachoteremka mwisho wake ni Ruaha Mdogo, na kule bondeni watu wana bustani za mchicha na chainizi wanamwagilia. Nikamwambia shangazi hapa kosa kubwa siyo kukosa dawa, ni kuchanganya maji ambayo tabia zake hazifanani.

Chukua maji ya vati. Ukisimama karibu na beseni lake unasikia ile harufu ya haidrosi inayokwangua pua, kitambaa kinachovuliwa kina rangi moja, wanakining'iniza kambani, upepo unakipiga na unaona kabisa kinageuka mbele ya macho yako mpaka rangi yenyewe inakaa. Kinachotokea ni kwamba rangi ya vati kiasili haiyeyuki kwenye maji, haidrosi na kostiki ndo vinailazimisha iyeyuke ili iingie kwenye pamba, oksijeni ya hewani ikiipata inarudia hali yake ya kutoyeyuka na kung'ang'ania humo. Sasa kama hewa inaweza kufanya hivyo kwenye kitambaa si itafanya hivyo hata kwenye beseni? Maji yaliyobaki yaache kwenye pipa wazi, koroga koroga kila ukipita, haidrosi itaisha, rangi itarudi kuwa chembe, usiku zitashuka chini, ukiongeza shabu kidogo baada ya kupunguza ukali wa kostiki zinashuka vizuri zaidi. Asubuhi juu maji mepesi, chini tope la rangi. Hewa ya bure hiyo, na imekufanyia kazi kubwa kuliko peroksaidi yoyote.

Ungefanya kama kwenye video ukamwaga chuma na peroksaidi moja kwa moja kwenye beseni la vati, ungepata hasara za aina mbili tatu kwa mpigo. Kwanza haidrosi ni kitu kinachotoa elektroni, kazi yake ndo hiyo, kwa hiyo itaila peroksaidi yako yote kabla radikali hazijaigusa rangi. Pili kostiki inapandisha pH (kipimo cha uasidi, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali kama wa kostiki) juu ya 12, na hii mbinu ya Fenton inataka pH ya 3 hivi, juu ya hapo chuma kinageuka kutu ya kahawia na kudondoka chini hakifanyi kitu. Ukisema basi nimwage asidi ya betri ili nishushe, ukali ule utakunywa asidi nyingi, na haidrosi ikikutana na asidi inatoa gesi ya salfa dioksidi, kifua kinabana, macho yanachuruzika. Usifanye. Halafu kuna nta, wale wanaochemsha kitambaa kutoa mshumaa, acheni maji yapoe nta ielee juu igande muitoe muitumie tena, ni pesa hiyo, na isipotolewa radikali zitapoteza muda kwa nta badala ya rangi. Si nilisema hazichagui.

Maji ya riaktivu ndo yenye kesi. Rangi hizi zimetengenezwa ziungane na pamba kikemikali, lakini sehemu yake inaungana na maji badala ya pamba, ikishaungana na maji haishiki tena kitambaa hata ufanyeje, inatoka yote kwenye suuza. Kutegemea aina ya rangi na fundi mwenyewe, kati ya asilimia 10 na 50 ya rangi uliyonunua inaishia kwenye maji. Inayeyuka vizuri, haishuki chini kwa kusubiri, shabu inaigusa kwa shida, bakteria wa kawaida wanaotumia hewa hawaipendi. Hapa ndo naikubali Fenton, hapa tu.

Inavyofanyika ni hivi. Maji ya riaktivu yanakaa pipa lake la plastiki, siyo la chuma, unashusha pH mpaka 3 kwa asidi kidogokidogo huku unakoroga (soda ashi itatoa povu la gesi, usijaze pipa), asidi ndo inaingia kwenye maji siyo maji kwenye asidi, glavu na miwani vipo. Unayeyusha feras salfeti humo, afu peroksaidi inaingia polepole kwa vipande, siyo yote kwa pamoja, kwa sababu ikizidi palepale inaanza kuzila radikali yenyewe na maji yanachemka. Unaacha masaa. Ukishamaliza unapandisha pH kwa maji ya chokaa mpaka 7 au 8, chuma kinageuka matope ya kahawia kinadondoka na baadhi ya uchafu uliobaki. Siki usitumie badala ya asidi, najua inapatikana kila duka, ila siki yenyewe ni uchafu wa kikaboni, unaongeza mzigo unaotaka kuupunguza.

Shangazi akauliza kwa hiyo peroksaidi kiasi gani? Tukakaa na kalamu. Uchafu wa kikaboni tunaupima kwa COD, yaani miligramu ngapi za oksijeni zinahitajika kuunguza kila kitu kwenye lita moja. Kwa hesabu ya kemia tupu kila gramu moja ya COD inataka gramu 2.1 hivi za peroksaidi halisi. Tuseme maji yana COD ya 1,500, pipa la lita 200 lina gramu 300, kwa hiyo unahitaji gramu kama 640 za peroksaidi halisi ukitaka kuunguza mpaka mwisho. Ile ya duka la dawa iliyoandikwa volyumu 20 ni asilimia 6, lita moja ina gramu 60. Piga hesabu, zaidi ya lita 10 za peroksaidi ya kusafishia vidonda kwa pipa moja! Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno, "we mtoto, si bora niuze hiyo peroksaidi niachane na batiki." Ile ya viwandani ya asilimia 50 inahitajika lita moja na kidogo tu, sema hiyo inachoma ngozi inakuwa nyeupe papo hapo, na ukiifunga kwenye dumu lisilo na tundu la kupumulia, ikaingia kutu au uchafu kidogo, inazalisha gesi mpaka dumu linapasuka. Siyo kitu cha kuweka chini ya uvungu.

Ndo maana nikasema Fenton iwe ya mwisho kabisa, baada ya kupunguza. Pima rangi kwa mizani badala ya kijiko, suuza kwa maji machache mara nyingi badala ya pipa moja kubwa, yale maji ya suuza ya mwisho yasiyo na rangi sana yatumie kuanzia suuza ya kundi linalofuata. Kila gramu ya rangi iliyobaki kwenye kitambaa ni peroksaidi ambayo hujainunua. Chumvi nayo iangalieni, kloraidi inazinyonya radikali, na kabonati ya soda ashi hivyohivyo (ndo faida nyingine ya kuanza na asidi, kabonati inaondoka kama gesi).

Jua sasa. Hapa sisi watu wa nyanda za juu tuna bahati ambayo hatuitumii. Fenton ya kizani inakwama, chuma kikishatumika kinageuka kuwa feriki (chuma kilichopoteza elektroni moja zaidi) na kurudi kuwa feras ya mwanzo kinajivuta sana, tena zile asidi za oksaliki za mwishoni zinakikumbatia feriki hakifurukuti. Mwanga ukiingia unakifungua, chuma kinarudi kazini na radikali za nyongeza zinazaliwa, na kizuri ni kwamba haitaji urujuanimno mkali, hata mwanga wa bluu tunaouona unafanya kazi. Wahispania wana kituo kizima kule Almería wanafanya utafiti wa kusafisha maji kwa jua. Sisi kuanzia Juni mpaka Oktoba Iringa, Mafinga, Njombe, Mbeya, mbingu nyeupe, baridi ya kukata masikio asubuhi lakini saa nne jua linawaka vilivyo. Kinachohitajika ni trei pana zisizo na kina, maji ya sentimita chache, kwa sababu maji meusi ya kina kirefu mwanga haupiti. Unaanzia kizani kwenye pipa mpaka rangi ipungue, unamalizia juani kwenye trei. Baridi ya Juni inapunguza kasi ya ile ya kizani, kwa hiyo kazi ianze jua likishapanda.

Mbinu nyingine nazipitia haraka. Ozoni ni nzuri kwa rangi kwelikweli lakini haihifadhiki, unaitengeneza palepale kwa umeme, na umeme wetu mnaujua. Taa za urujuanimno na peroksaidi, kwenye maji yenye rangi nzito taa inaangaza sentimita mbili tatu za mwanzo basi. Taitaniamu dioksidi ndo kipenzi cha wanaoandika tasnifu tangu Wajapani Fujishima na Honda watoe kazi yao mwaka 1972, lakini inatumia sehemu ndogo sana ya jua, asilimia 5 hivi, na ule unga ukishauchanganya kwenye maji kuutoa ni mtihani. Vyuo viendelee nayo, uani kwa shangazi hapana.

Utajuaje umefika? Kipimo cha COD kinataka maabara, sampuli inachemshwa masaa mawili kwenye nyuzi 150 na daikromati, na kama peroksaidi imebaki inadanganya kipimo kinasoma juu. Kiwango cha Tanzania cha maji taka ya kumwaga ni COD isizidi miligramu 60 kwa lita na BOD (oksijeni wanayotumia bakteria kula uchafu) 30, pH kati ya 6.5 na 8.5. Kufika 60 kwa uani siyo mchezo, nasema ukweli, na ndo maana maji yakishapita hapo nashauri yaende kwenye kibwawa chenye matete au mfumo wa maji taka, siyo mtoni moja kwa moja. Vile vipande vidogo bakteria wa kawaida wanaviweza sasa, wakati rangi nzima walikuwa hawaiwezi, kwa hiyo huna haja ya kulipia peroksaidi mpaka mwisho kabisa.

Ila kuna kipimo kimoja cha jikoni nakipenda. Peroksaidi iliyobaki inaua viumbe majini na itaua hao bakteria unaowategemea, kwa hiyo baada ya chokaa kutua chota maji kwenye glasi, kata kipande cha kiazi mviringo kibichi, tumbukiza. Kikitoa vipovu vidogovidogo pembeni peroksaidi bado ipo, subiri. Kiazi kina kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kikitulia, endelea. Shangazi hiki ndo alichokipenda kuliko radikali zote.

Matope je? Akina mama walitaka kuyatupa bustanini wakisema si ni chuma, kinaongeza damu. Hapana jamani, yamebeba rangi na uchafu ulioshikwa, na rangi nyingine zina shaba au kromu ndani yake. Yakaushwe kwenye kitanda cha mchanga chini ya paa, yafungwe, yakae mbali na kisima na mboga mpaka pawepo pa kuyapeleka.

Kwa sasa wamekubaliana kutenga mapipa na kuacha ya vati yajishushe kwa hewa, hiyo haihitaji senti. Ya riaktivu wanataka washirikiane na vikundi vingine viwili wawe na sehemu moja ya kutibia, mtu mmoja aliyefundishwa ndo ashike asidi na peroksaidi. Tunachokwama ni kununua, wauzaji wa kemikali niliowauliza wanataka uchukue ndoo nzima kubwa ya asilimia 50 na mi sitaki ndoo hiyo ikae Kihesa kwenye nyumba yenye watoto. Kama kuna kikundi Mbeya, Makambako au Njombe kimeshapata njia ya kuagiza kidogokidogo, au mpo tayari tuagize pamoja tugawane, niandikieni hapo chini mseme mnatumia kiasi gani kwa mwezi na mnahifadhi wapi.